Kodi Imekwama Wapi? Safari ya Ombi Kutoka Kivinjari Hadi Hifadhidata

Maswali ya wanaoanza kuandika programu za wavuti upande wa seva yanafanana mno. Ukurasa umekuwa mweupe, hauna hata herufi moja. Fomu inatumwa lakini hakuna kinachoingia kwenye hifadhidata. Mtumiaji ameingia kwenye akaunti yake, akifungua ukurasa wa pili anaambiwa hajaingia. Na lile kongwe kuliko yote: kwangu inafanya kazi, kwenye seva inagoma.

Siku hizi majibu huja haraka kuliko swali lenyewe. Programu ya akili unde inamwaga kodi, yaani maandishi ya amri za programu, ukurasa mzima, muulizaji anainakili jinsi ilivyo, kosa la kwanza linatoweka na la pili linazaliwa mistari kumi chini yake. Kinachokosekana hapo si kodi bali ramani. Sehemu kubwa ya matatizo haya hujibika mtu akijiuliza maswali mawili kabla ya kugusa chochote: jambo hili linatokea kwenye kompyuta ipi, na linatokea lini?

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kivinjari ni ile programu ya kusomea kurasa, iliyoko kwenye simu au kompyuta ya mtumiaji. Seva ni kompyuta nyingine, ya kawaida tu, ila kazi yake ni kukaa macho ikisubiri kuulizwa. Kivinjari kikituma swali tunaliita ombi, na seva ikirudisha kitu tunakiita jibu. Nyuma ya seva kuna hifadhidata, yaani mahali taarifa zinapokaa kwa mpangilio ili zitafutwe. Mifano yangu mingi nitaitoa kwenye PHP, lugha iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf na kutolewa hadharani mwaka 1995, ambayo hutangaziwa kifo kila baada ya muda mfupi na bado inaendesha tovuti nyingi mno. Anayetumia Python, Ruby au Node.js atakuta mambo ni yaleyale, majina tu ndiyo yanayobadilika.

Kompyuta mbili, nyakati mbili

Ombi likifika, programu ya seva kama Apache au Nginx hulipokea na kulikabidhi kwa PHP. PHP inasoma faili lako kuanzia juu hadi chini, inatekeleza kila inachokikuta, inauliza hifadhidata ikibidi, halafu inatema maandishi. Maandishi hayo, ambayo kwa kawaida ni HTML (lugha ya kuelezea ukurasa), ndiyo yanayosafiri hadi kwenye kivinjari. PHP haisafiri. Kivinjari hakijui kama ukurasa umeandaliwa na PHP au umeandikwa kwa mkono, na kufikia wakati mtumiaji anauona, PHP imeshamaliza kazi yake.

Sasa tazama mstari huu, ambao kwa namna moja au nyingine huandikwa na karibu kila anayeanza:

<button onclick="<?php futaMakala($id); ?>">Futa</button>

Mwandishi alikusudia makala ifutwe kitufe kikibonyezwa. Kinachotokea ni kwamba makala inafutwa ukurasa unapofunguliwa, kabla hakuna aliyegusa kitu. PHP haikungoja kubonyezwa. Ilikuta amri, ikaitekeleza. Kivinjari kilipokea kitufe ambacho ndani ya onclick hamna kitu, na ukikibonyeza hata mara mia hakifanyi lolote. Ukifungua chanzo cha ukurasa kwenye kivinjari utaliona hilo wazi: onclick="", basi.

Njia sahihi ni kutuma ombi jipya. Weka fomu ndogo yenye namba ya makala, itume kwa POST (aina ya ombi linalobeba taarifa za kushughulikiwa) kwenda faili linaloshughulikia ufutaji. Faili hilo lihakikishe kwanza kuwa aliyetuma ana ruhusa, lifute, kisha limwelekeze mtumiaji kwenye ukurasa mwingine. Huko kuelekezwa kuna faida ya pili: akionyesha upya ukurasa, fomu haitumwi tena. Zile rekodi zinazojirudia mara mbili kwenye hifadhidata, ambazo watu huzihangaikia kwa kutafuta kosa ndani ya SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata), mara nyingi zimetokana na mtumiaji kuonyesha upya ukurasa uliopokea fomu.

Kutokana na utengano huohuo kuna imani moja inayostahili kukataliwa moja kwa moja: kwamba fomu ikishakaguliwa kwa JavaScript (lugha inayoendeshwa ndani ya kivinjari), seva haina haja ya kukagua tena. Ukaguzi wa kwenye kivinjari ni ukarimu kwa mtumiaji, ili asingoje jibu ndipo aambiwe amesahau barua pepe. Si ulinzi. Kivinjari kiko mikononi mwake; anaweza kuizima JavaScript, anaweza kubadilisha thamani iliyofichwa kwenye fomu, anaweza hata kutuma ombi bila kutumia kivinjari chochote. Ukiiweka bei ya bidhaa kwenye sehemu iliyofichwa ya fomu na seva ikaipokea ilivyo, mnunuzi ndiye atakayejipangia bei.

Seva haikumbuki

Itifaki ya HTTP, ambayo ndiyo mazungumzo kati ya kivinjari na seva, haina kumbukumbu. Mfikirie karani wa dirishani ambaye ukigeuka tu ameshakusahau, sura na jina. Ukirudi baada ya dakika moja, kwake wewe ni mgeni. Ili akutambue anakupa kikaratasi chenye namba, naye anaweka jalada lenye namba hiyo kabatini. Kila unaporudi unaonyesha kikaratasi, anafungua jalada, mnaendelea mlipoishia.

Kikaratasi ndicho kuki, ambayo Lou Montulli aliibuni mwaka 1994 akiwa Netscape. Jalada ndilo sesheni. Kwenye kuki kuna namba tu. Taarifa zenyewe zinabaki upande wa seva. Ukilishika hili, swali la kwa nini watumiaji wangu wanatolewa kwenye akaunti huacha kuwa fumbo, kwa sababu kuna mambo mawili tu ya kuuliza: je, kikaratasi kimeletwa? Na je, jalada bado lipo?

Kikaratasi hakiletwi, kwa mfano, mtu akiingilia kwenye anwani yenye www kisha kiungo kikampeleka kwenye anwani isiyo na www. Kwa kivinjari hizo ni anwani mbili tofauti, na kuki ya moja haipelekwi kwa nyingine usipoielekeza hivyo. Jalada nalo linaweza kuondolewa: mipangilio ya kawaida ya PHP huruhusu sesheni isiyoguswa kwa sekunde 1440, yaani dakika 24, ihesabiwe kuwa takataka. Mtu aliyekuwa akiandika makala ndefu kwenye fomu kwa nusu saa akabonyeza tuma anaweza kukuta ameshasahaulika. Na kuna sababu ya kijinga kuliko zote, ambayo ndiyo inayotokea zaidi: faili la pili halina session_start() juu yake, kwa hiyo karani hakuambiwa hata aangalie kabatini.

Heda zimeshatumwa

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ujumbe huu umewatoa watu jasho kwa miaka mingi na jibu lake limeandikwa ndani yake:

Cannot modify header information - headers already sent by (output started at /var/www/tovuti/mipangilio.php:1) in /var/www/tovuti/ingia.php on line 14

Jibu la seva lina sehemu mbili. Ya kwanza ni heda: namba ya hali, aina ya maandishi yanayokuja, kuki za kuhifadhiwa, anwani ya kuelekea kama mtumiaji anaelekezwa kwingine. Ya pili ni mwili, yaani ukurasa wenyewe. Heda hutangulia daima. Mara tu herufi ya kwanza ya mwili inapoondoka, mlango wa heda umefungwa. Amri za setcookie(), header() na session_start() zikijaribu kuongeza kitu baada ya hapo, PHP inalalamika.

Ujumbe unataja mafaili mawili. Wengi hukimbilia la pili, ingia.php mstari wa 14, wakaanza kuipangua kodi isiyo na kosa lolote. Hilo ni faili lililochelewa. Mkosaji ni yule aliyetajwa kwenye mabano: mipangilio.php mstari wa 1, mahali maandishi yalipoanza kutoka. Ukilifungua unaona <?php na hakuna kingine. Mstari wa 1 ukitajwa namna hiyo, shuku vitu visivyoonekana. Pengine kuna nafasi au mstari mtupu kabla ya <?php. Pengine kihariri chako kimehifadhi faili kwa UTF-8 (njia ya kuhifadhi herufi) yenye BOM, alama ya baiti tatu inayokaa mwanzoni mwa faili na isiyoonekana kwenye skrini, lakini kwa PHP ni maandishi kama maandishi mengine. Hifadhi upya bila BOM, kosa linaondoka. Ukiona namba ya mstari wa mwisho badala ya wa kwanza, tazama kama kuna mistari mitupu baada ya ?> ya kufungia. Ndiyo maana faili lenye PHP pekee linashauriwa liachwe bila alama hiyo ya kufungia.

Kwa nini basi kwenye kompyuta yako hukuliona kosa hili? Kwa sababu PHP inaweza kuyashikilia maandishi kwa muda kabla ya kuyaachia. Mafaili ya mipangilio yanayokuja na PHP huweka output_buffering kuwa 4096, lakini seva isiyo na mpangilio huo hutumia thamani ya ndani ambayo ni sifuri. Kosa lilikuwepo kwako pia, ila lilifichwa.

Nikiwa bado kwenye heda: kumwelekeza mtumiaji kwa header("Location: ...") hakusimamishi kodi. Kivinjari kinaambiwa kiende kwingine, lakini PHP inaendelea kutekeleza mistari iliyobaki. Ukurasa wa msimamizi unaomfukuza asiyeingia kwa mstari huo peke yake, bila exit (amri ya kusimamisha kodi) baada yake, unamfukuza mgeni huku ukimpa kila kitu mkononi, na anayetumia programu isiyofuata maelekezo atakisoma chote.

Ng'ombe aliyevunja hifadhidata

Una tovuti ya makala yenye kisanduku cha kutafuta. Watu wanatafuta mbuzi, kuku, bata, yote yanakubali. Siku moja mtu anaandika ng'ombe na tovuti inaanguka. Kodi ilikuwa hii:

$sql = "SELECT * FROM makala WHERE kichwa = '$neno'";

Weka neno mahali pake uone hifadhidata inachopokea: kichwa = 'ng'ombe'. Kwa SQL, maandishi huanzia kwenye alama moja ya nukuu na kuishia kwenye inayofuata. Ritifaa ya ng' inaonekana sawasawa na alama hiyo. Kwa hiyo hifadhidata inasoma 'ng', inaona maandishi yameisha, halafu inakutana na ombe' na haijui ni mnyama gani. MySQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, italalamika kuwa kuna kosa la sarufi ya SQL karibu na 'ombe''. Anayeandika Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu anaugundua udhaifu huu mapema kuliko wengine.

Naam, udhaifu. Neno la kawaida likiweza kuibadilisha maana ya amri bila kukusudia, mtu mwenye nia mbaya ataibadilisha kwa makusudi. Badala ya ng'ombe anaandika ' OR '1'='1 na sharti lako linakuwa kweli kwa kila rekodi iliyopo. Kwenye ukurasa wa kuingia, hiyo inaweza kutosha kumpitisha bila nenosiri. Mbinu hii imefahamika tangu mwaka 1998, na bado inapatikana kwenye kodi inayoandikwa leo.

Dawa ni kutenganisha amri na taarifa. Amri inapelekwa ikiwa na nafasi wazi, taarifa inafuata peke yake:

$swali = $db->prepare("SELECT * FROM makala WHERE kichwa = ?");
$swali->execute([$neno]);

Sasa hata neno liwe na ritifaa kumi, hifadhidata inajua kuwa hicho ni kitu cha kutafutwa, si sehemu ya amri. Kumbuka tu kwamba alama ya kuuliza hushika nafasi ya thamani, haishiki nafasi ya jina la jedwali wala safu. Kama mtumiaji anachagua safu ya kupangia matokeo, linganisha alichochagua na orodha fupi uliyoiandika mwenyewe.

Wapo wanaotibu kwa kufuta kila ritifaa inayoingia. Hapo hifadhidata inajaa "ngombe", na majina ya watu yanaharibika daima dawamu. Wengine wanapitisha kila kitu kwenye htmlspecialchars() kabla ya kuhifadhi, na baada ya muda wanauliza kwa nini kwenye orodha zao kuna ng&#039;ombe. Kazi ya htmlspecialchars() ni kumlinda msomaji wa ukurasa wakati maandishi yanapotoka kwenda kwenye HTML. Haihusu SQL hata kidogo. Hifadhi maandishi yalivyo. Yakienda kwenye hifadhidata, yapitishe kwenye prepare. Yakienda kwenye ukurasa, yapitishe kwenye htmlspecialchars(). Kila mlango una kinga yake.

Kwa kuwa tumo kwenye maandishi: ukiona emoji zinageuka alama za kuuliza au MySQL inakataa kuzihifadhi, angalia kama jedwali linatumia utf8. Kwa miaka mingi jina hilo kwenye MySQL limemaanisha herufi zisizozidi baiti tatu, ilhali emoji nyingi ni baiti nne. Inayotakiwa ni utf8mb4, iliyoanza kupatikana toleo la 5.5.3.

Ukurasa mweupe una maneno

Namba za hali ziko kwa familia. Zinazoanza na 2 ni mafanikio, na 3 ni nenda kwingine, na 4 zinamwambia aliyeomba kwamba ombi lake lina kasoro, na 5 zinasema kosa ni la seva. Watu wakiona 500 hudhani mashine imeharibika na kuanza kumsumbua mwenye kukodisha seva. Mara nyingi mashine ni nzima. Kodi yako ndiyo iliyokufa katikati, labda kwa nukta-mkato moja iliyosahaulika. 502 ni jambo tofauti: Nginx ameuliza PHP na hakupata jibu linaloeleweka, kwa hiyo kaangalie kama PHP inaendeshwa. 504 ni kwamba ameuliza na kusubiri mpaka akachoka.

Ukurasa mweupe hutokea kwa sababu seva zilizo hewani huzuiwa kuonyesha makosa, na ni vizuri hivyo: ujumbe wa kosa unaanika njia za mafaili na wakati mwingine swali zima la SQL. Lakini kosa limeandikwa mahali. Liko kwenye logi (faili la kumbukumbu za matukio) ya PHP au ya programu ya seva, pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Fungua logi, soma mstari wa mwisho, rudia kitendo kilichogoma, soma tena. Anayefanya hivyo anamaliza kwa dakika chache kazi ambayo mwenzake anaibahatisha usiku kucha kwa kubadilisha hiki na kile.

Logi pia ndiyo itakayokuonyesha kodi iliyopitwa na wakati. Ukikuta Call to undefined function mysql_connect(), umenakili jibu la kale: kundi zima la amri za mysql_ liliondolewa kwenye PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015. Hazikosekani kwa sababu hukuzisakinisha. Hazipo tena, na mahali pake pana PDO na mysqli, njia za sasa za PHP kuongea na hifadhidata.

Kwangu inafanya kazi

Tofauti ya kwanza ya kuangalia ni majina ya mafaili. Windows haijali kama faili ni Picha.php au picha.php, Linux, ambayo ndiyo iko kwenye seva nyingi, huyaona kuwa mafaili mawili. Kisha linganisha matoleo ya PHP, kisha saa za eneo: PHP isipoambiwa hutumia UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), na ndiyo maana maoni yaliyoandikwa sasa hivi yanaonekana kama yaliandikwa saa kadhaa zilizopita.

Kuna kosa moja la nenosiri linalostahili kutajwa kwa jina. Mtu amefanya kila kitu sawa: ametumia password_hash(), inayogeuza nenosiri kuwa mfuatano wa herufi usiosomeka, wakati wa kusajili na password_verify() wakati wa kuingia, wala hakuhifadhi nenosiri wazi au kulipitisha kwenye md5, mbinu ya kale ya kazi hiyo, ambayo ina kasi mno kuweza kumzuia mtu anayekisia. Hata hivyo kila anayeingia anaambiwa nenosiri si sahihi. Tazama urefu wa safu kwenye jedwali. Matokeo ya bcrypt, mbinu ambayo password_hash() huitumia kwa kawaida, yana herufi 60. Safu ikiwa ya 50, hifadhidata isiyo na mipangilio mikali hukata herufi kumi za mwisho na kuhifadhi kilichobaki, ambacho hakitalingana na chochote kamwe. Weka 255, kisha waombe waliokwisha kusajiliwa waweke nenosiri jipya, maana kilichokatwa hakirudi.

Na upakiaji wa mafaili. Picha ndogo inapita, video inagoma, na ajabu ni kwamba $_POST yote ni tupu, hata jina ambalo mtumiaji aliandika halipo. Ombi limepita kiwango cha post_max_size, ambacho kwa kawaida ni megabaiti 8, na PHP imeutupa mwili mzima wa ombi. Onyo lake lipo kwenye logi, si kwenye ukurasa. Kuna upload_max_filesize pia, ambayo kwa kawaida ni megabaiti 2 kwa kila faili, na mbele ya zote mbili kuna Nginx na client_max_body_size yake ya megabaiti 1, ambaye hujibu kwa 413 kabla PHP haijaamshwa. Ukipandisha kiwango cha mlango mmoja na kuisahau miwili, video itaendelea kugoma, ila ujumbe utakaouona utakuwa mwingine, na huo ndio utakaokuambia ombi limefika mlango upi.